Babu Mdogo Alienda Wapi? Njia Nne za Kutafuta Jamaa Waliohamia Nje, Zikilinganishwa

Karibu kila boma kutoka Vihiga hadi Siaya, huku magharibi mwa Kenya, lina mtu ambaye jina lake hutajwa kwenye matanga kisha watu wakanyamaza kidogo. Aliondoka. Mmoja alivuka Malaba kwa baiskeli kutafuta shamba Uganda, mwingine alipanda meli Mombasa kwenda kusoma Uingereza, mwingine akaandikwa kazi ya reli na kupelekwa mbali, na barua zikakatika. Kwetu waliondoka wawili, wadogo zake babu, na nimewatafuta wote. Njia iliyonifikisha kwa wa kwanza haikunifaa hata kidogo kwa wa pili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze wapi, kwa wazee, kwenye rejista, kwa kipimo cha vinasaba au kwa picha ya Facebook, na mimi humuuliza: aliondokaje? Mwaka gani, alivuka mpaka upi, alisali wapi, na je, alizaa huko alikokwenda? Majibu hayo yatakuongoza kuliko ukubwa wa mfuko wako.

Nimezipima njia hizi nne kwa mambo matano. Gharama na muda. Inafika wapi, yaani vizazi vingapi nyuma na nchi zipi. Uhakika wake, kwa sababu kupata mtu mwenye jina la kwenu bado si kupata ndugu. Inaweza kuumiza nani, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Mwisho, inamfaa nani.

Wazee, matanga na ukoo

Gharama na muda. Nauli, sukari, majani ya chai, na siku mbili tatu za kukaa bila haraka. Fedha ni kidogo. Kinachobana ni muda, kwa sababu mzee wa miaka 88 hasubiri likizo yako ya Desemba. Rekodi ya simu inatosha. Iweke mezani, iache iendelee, na usimkatize anapoanza kusimulia habari za ng'ombe. Mara nyingi habari za ng'ombe humpeleka kwenye mahari, na mahari humpeleka kwa mtu unayemtafuta.

Inafika wapi. Upande wa baba, wazee wetu wengi hutaja vizazi vitano au zaidi bila kupapasa. Na kwa waliovuka mipaka ya karibu, sijaona njia inayoshinda hii. Kumbuka kwamba hadi Aprili 1902 nchi yote kutoka ziwani hadi karibu na Naivasha ilikuwa sehemu ya Uganda. Hata baada ya hapo watu wetu waliuvuka mpaka kama wanavyovuka mto. Miaka ya 1950 na 1960 Wamaragoli wengi walikwenda Bunyoro kutafuta ardhi, wakakaa Kigumba na maeneo ya karibu, ambako leo ni wilaya ya Kiryandongo. Wapo hadi leo, na kwa miaka mingi wamedai waingizwe kwenye orodha ya makabila katika katiba ya Uganda ya 1995. Upande wa kusini kuna Wajaluo wa Rorya, mkoani Mara, Tanzania, ambao wana ndugu Migori na Homa Bay.

Babu mdogo wa kwanza nilimpata hivyo. Tulipomzika nyanya, alisimama mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, akasema ametoka Kigumba. Hakutoa kitambulisho wala picha. Alitaja majina ya babu zetu watano, mmoja baada ya mwingine, na alipofika la nne mzee wa ukoo aliyekaa mbele akaanza kuyataja pamoja naye. Wakamaliza kwa sauti moja. Siku ile hakuna aliyeuliza swali la pili.

Uhakika. Mkubwa kwa ukoo, mdogo kwa tarehe. Usimuulize mzee mwaka, muulize tukio. Aliondoka kabla ya nzige wa 1931 au baada? Alikuwa ameoa wakati watu walipokimbilia dhahabu Kakamega, mwanzoni mwa miaka ya 1930? Nyumba yake ilikuwepo maji ya ziwa yalipopanda 1961 na 1962? Wabukusu wana saa bora zaidi. Mtu akikuambia alitahiriwa katika rika la Kananachi au Kinyikeu, na akataja jina la mwaka wake ndani ya rika, umepata umri wake kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili. Upande wa akina mama simulizi hukonda haraka. Mtafute senge, shangazi aliyeolewa mbali. Yeye hukumbuka mabinti walioolewa wapi, watu ambao wanaume hawawahesabu.

Inaweza kuumiza nani. Shamba. Ukianza kuulizia mtu aliyeondoka 1958, kuna binamu atakayelala akiwaza ekari mbili. Sema mapema, mbele ya wazee, kwamba unatafuta watu na si mgawo. Ukiona kuna kesi ya urithi inaendelea, ngoja iishe.

Inamfaa nani. Mwenye jamaa waliovuka kwenda Uganda au Tanzania, na yeyote ambaye bado ana mzee aliye hai. Aliyekwenda Ulaya au Marekani utaondoka hapa na jina lake na hadithi yake, lakini anwani hutaipata.

Makaratasi: barua, rejista na hifadhi za nyaraka

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa kwa kutafuta kitu ambacho hakikuandikwa kamwe. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Mtu aliyezaliwa Butere au Nyahera mwaka 1925 hana cheti cha kuzaliwa. Alichonacho, kama kipo, kiko kanisani, na hapo dhehebu ndilo linaloamua.

Wakatoliki na Waanglikana waliandika ubatizo: jina, wazazi, wasimamizi, tarehe. Rejista ya Katoliki ina hazina nyingine ambayo wachache huitazama, nayo ni pembezoni mwa ukurasa. Kwa sheria ya kanisa, mtu akifunga ndoa, parokia aliyofungia hupeleka taarifa kwenye parokia aliyobatiziwa, hata kama ni bara jingine, nayo huandikwa kando ya jina lake. Mstari mmoja wa wino kwenye kitabu cha misheni ya zamani huku Magharibi unaweza kukutajia mji wa ng'ambo ambao familia haikuusikia kamwe. Marafiki, yaani Waquaker waliofika Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji. Jeshi la Wokovu pia hawabatizi. Nilipoteza wiki nzima nikiulizia rejista ya ubatizo ya babu mdogo aliyekuwa Mquaker. Nilichopaswa kuulizia ni orodha ya washirika na kumbukumbu za ndoa.

Gharama na muda. Wiki kadhaa, mara nyingi miezi. Jengo kuu la hifadhi ya nyaraka za taifa liko Moi Avenue, Nairobi, na kuna vituo vya kumbukumbu Kisumu, Kakamega na Nakuru, kwa hiyo ulizia cha karibu kabla ya kupanda gari. Mtandaoni, FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za familia, ni bure. Tovuti za kulipia unaweza kujiunga nazo kwa mwezi mmoja tu, ukiwa umeshaandaa orodha ya unachotafuta.

Inafika wapi. Mbali sana kwa aliyesafiri kwa meli. Uingereza ilitunza orodha za abiria waliowasili kwa meli kutoka nchi za nje ya Ulaya tangu 1878 hadi 1960, na zimewekwa mtandaoni. Humo mna jina, umri, kazi na mara nyingi anwani aliyokusudia kufikia. Kwa Marekani, sensa ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, lakini wanafunzi wetu wengi walifika baadaye, kwa zile safari za ndege alizohangaikia Tom Mboya kuanzia 1959 hadi 1963. Sensa ya 1960 haitafunguliwa hadi 2032, kwa sababu husubiri miaka 72. Kwa hao tafuta vitabu vya mwaka vya vyuo. Vyuo vingi vya Marekani vimeviweka mtandaoni, na picha ya kijana mmoja kutoka Maseno katikati ya darasa haijifichi.

Huku nyumbani hifadhi ina ripoti za wilaya, mashauri ya ardhi na barua za machifu. Tafuta kwa majina ya wilaya ya wakati ule: North Kavirondo, Central Kavirondo, South Kavirondo. Mtu wa kawaida haonekani humo mara nyingi, isipokuwa alishtaki, alishtakiwa au alikuwa na cheo. Ni afadhali ulijue hilo kabla ya kulipa nauli.

Babu mdogo wa pili alianzia kwenye karatasi moja. Ndani ya sanduku la bati la nyanya, chini ya kitambaa cha meza, kulikuwa na barua ya ndege, zile za buluu nyepesi zinazokunjwa zenyewe kuwa bahasha. Mikunjo ilikuwa imechoka kiasi kwamba mwanga ulipita. Maandishi yote yalikuwa salamu na habari za baridi, lakini nyuma, pale pa mtumaji, alikuwa ameandika nambari ya nyumba, mtaa na jina la mji, Leeds. Muhuri ulisomeka 1964. Usiifungue barua kama hiyo mara kwa mara. Ipige picha pande zote, upande wa bahasha ukiwa wa kwanza.

Uhakika. Mkubwa, ukivumilia tahajia. Karani wa melini aliandika alichosikia. Alama ya ng' hupotea, herufi za mwanzo hubadilika, na jina la ubatizo huwekwa mbele au nyuma apendavyo. Kuna jingine linalowapoteza wengi: kwetu jina la mtu halikuwa la familia nzima. Wafula alizaliwa wakati wa mvua, Otieno alizaliwa usiku, na baba yake anaweza kuwa na jina tofauti kabisa. Akifika ng'ambo, jina hilo hugeuka kuwa la familia na kugandia hapo. Vitukuu vyake huko leo wote huitwa Otieno, hata aliyezaliwa saa sita mchana. Kwa hiyo usitafute jina mnalolitumia ninyi sasa. Tafuta jina aliloondoka nalo yeye.

Inaweza kuumiza nani. Mara chache, ila karatasi huweza kukutajia mke wa pili au kesi ya zamani. Soma kwanza peke yako.

Inamfaa nani. Mwenye jamaa aliyesoma, aliyeajiriwa, aliyekuwa mwanajeshi au aliyeondoka kwa meli. Inazifaa pia familia za Kihindi za Kisumu. Reli ilifika Kisumu, wakati ule Port Florence, Desemba 1901, na wengi wa wazao wa wafanyakazi na wafanyabiashara wa wakati ule walihamia Uingereza baada ya sheria ya uhamiaji ya Kenya ya 1967. Wao wana pasipoti, leseni za biashara na picha za maduka kwa wingi.

Vinasaba

Gharama na muda. Kifaa chenyewe kwa kawaida hakizidi dola 100, kisha kuna usafirishaji, na majibu huja baada ya wiki kadhaa. Si kila kampuni hutuma Kenya, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. AncestryDNA na 23andMe hutaka mate kwenye kichupa. MyHeritage na FamilyTreeDNA hutumia kijiti cha kusugua ndani ya shavu, na kwa mzee mwenye kinywa kikavu kijiti ni rahisi zaidi.

Inafika wapi. Watu wengi walio kwenye hazina za kampuni hizi wako Marekani na Ulaya. Wa vijijini kwetu ni wachache mno. Maana yake ni kwamba kipimo hiki hakikusaidii kumpata mjukuu aliyeko Kigumba, lakini kama babu mdogo alizaa Leeds au Chicago, wajukuu wake ndio hasa watu wanaopenda kujipima. Ile sehemu inayokueleza asilimia za asili yako usiitegemee sana. Orodha ya watu mnaofanana damu ndiyo ya kufuatilia.

Uhakika. Mkubwa kwa udugu wa karibu, na hupungua upesi. Watoto wa ndugu wawili hushiriki kama asilimia 12.5. Wajukuu wa ndugu wawili, kama asilimia 3. Vitukuu, chini ya asilimia 1, na kati ya jozi kumi za vitukuu huenda jozi moja isionyeshe kitu. Kwa sababu hiyo mpime mkubwa kuliko wote aliye hai. Sisi tulimpima senge. Alikaa barazani na kikombe cha chai mkononi akisubiri nusu saa ipite, kwa sababu maelekezo yalikataza kula na kunywa kabla, na kila dakika tano aliuliza kama imetosha. Majibu yalipotoka, alilingana na mwanamke wa Uingereza kwa kiasi cha zaidi ya mara mbili ya kile nilichopata mimi. Ningejipima peke yangu, ningemdhani mtu wa mbali.

Angalia hesabu za boma lenye nyumba nyingi. Wanaochangia babu mmoja lakini nyanya tofauti hushiriki nusu tu ya kiasi kinachotarajiwa, na kompyuta itawasogeza mbali zaidi kuliko walivyo. Kwa wanaume, kipimo cha kromosomu Y hufuata mstari wa baba kwa baba, njia ile ile ya ukoo, hivyo ni kizuri kuthibitisha kama watu wawili ni wa ukoo mmoja. Jina la babu wanayemchangia hakikwambii.

Inaweza kuumiza nani. Hii ndiyo njia inayoweza kuumiza kuliko zote. Mtoto aliyezaliwa baada ya mjane kurithiwa ni wa marehemu kwa mila yetu, na mashine haijui hilo. Kuna baba wengine pia ambao hawakuwahi kutajwa. Kabla ya kumpima mzee, mweleze wazi kwamba kunaweza kutokea jambo, na akikataa mwache. Usalama nao haujakamilika: mwaka 2023 habari za watu wapatao milioni 6.9 zilivuja kutoka 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika mahakamani. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu vinasaba kuwa taarifa nyeti, ingawa si rahisi kuitumia dhidi ya kampuni iliyo ng'ambo.

Inamfaa nani. Mwenye jamaa aliyezaa Ulaya au Amerika bila kuacha anwani, na mtu aliyezaliwa huko ambaye anachojua ni kwamba baba alitoka Kenya.

Mitandao, redio na mashirika

Gharama na muda. Bando tu. Majibu huja baada ya saa moja au hayaji kamwe.

Inafika wapi. Kokote palipo na watu wetu. Vikundi vya ukoo kwenye WhatsApp, kurasa za Facebook za Wakenya walioko nje, na matangazo ya vifo ya redio za lugha za nyumbani ambayo walioko ughaibuni huyasikiliza mtandaoni. Waliotengana kwa vita, maafa au safari za uhamiaji wana huduma ya bure ya Msalaba Mwekundu ya kuunganisha familia. Jeshi la Wokovu nchini Uingereza nalo lina huduma ya kutafuta jamaa.

Uhakika. Mdogo ukiitumia peke yake. Usiweke hadharani kila unachojua. Acha jambo moja, jina la utani la nyanya au jina la mto uliopita chini ya boma, ili anayejibu alitaje mwenyewe.

Inaweza kuumiza nani. Kuna matapeli wa mirathi hewa. Ukiulizwa ada ya wakili na mtu ambaye hujasikia hata sauti yake, acha mara moja. Naye jamaa wa kweli aliyeko nje anaweza kukuogopa wewe. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: wewe ni nani, mnachangia babu yupi, picha moja ya zamani, na sentensi ya kusema huhitaji chochote ila kufahamiana. Nilipomwandikia yule mwanamke wa Uingereza aliyelingana na senge nilituma picha ya ile barua ya buluu. Alijibu baada ya wiki tatu, kwa picha ya bahasha yenye mwandiko wa karani aliyekuwa akimwandikia nyanya barua, huku nyumbani.

Inamfaa nani. Walioondoka kuanzia miaka ya 1980, ambao watoto wao wako mtandaoni.

Kisa chako kikoje?

Kama alivuka kwenda Uganda, anza na wazee na uende mwenyewe. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya muda. Ikiwa barua kutoka Tanzania zilikatika karibu na 1977, usidhani walikasirika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huo, na mpaka ukafungwa hadi 1983. Kwa waliokuwa wafanyakazi Uganda pia, mwaka 1970 Wakenya wengi walifukuzwa huko, kwa hiyo ulizia kama alirudi akaishia Nakuru au Kisumu badala ya kijijini.

Kama aliondoka kusoma kati ya 1945 na 1965, peleka fedha zako kwenye makaratasi kwanza, na vinasaba vifuate ikiwa kuna mzee wa kupimwa. Kama mzee huyo ni mgonjwa sasa, geuza mpangilio: mpime leo, rejista itakusubiri.

Ikiwa familia ina siri ambayo wazee wanaizunguka kila unapouliza, bakia kwenye simulizi na karatasi hadi walio hai wakubaliane.

Na kama wewe ndiye uliyezaliwa nje na unatutafuta sisi, jina la baba yako halitoshi, maana wako maelfu wenye jina hilo. Tafuta jina la ukoo, la lokesheni na la kanisa, kisha wasiliana na chifu, naye atampigia mzee wa kijiji. Njoo Agosti au Desemba, watu wakiwa nyumbani. Beba picha ya babu yako akiwa kijana, si ile ya uzeeni, kwa sababu wazee watakaomtambua walimwona mara ya mwisho akiwa na umri huo.